Alama ya Tano Ndani ya Distributa

Fundi Sikio aliamini kuna mwizi gerejini. Pointi mpya, vichuma vya kukatia moto, alizofunga asubuhi kwenye distributa, kigawa-moto cha gari moja la mteja, mchana zilikuwa zimelika kama za miaka kumi. Waliokuwa wakiligusa gari lile ni wawili tu: yeye na shemeji yake, ndugu wa mkewe. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea.

Lilikuwa gari la kizamani, rangi ya maziwa, lililoletwa na mjane mmoja. Kila likiwashwa lilimisi. Injini iliruka pigo moja, ikatikisika.

"Shemeji, pointi mpya ziko wapi?"

"Si ulifunga mwenyewe?"

"Nilifunga mpya. Hizi ni bibi zake."

"Kwa hiyo mimi mwizi?"

"Nimeuliza tu."

Shemeji alivua ovaroli, akaitundika msumarini. "Ungekagua kifuniko cha distributa kwanza kabla ya kukagua mifuko yangu," alisema, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani mke hakupakua chakula. "Umemfukuza ndugu yangu kwa ajili ya vichuma? Mrudishe, baba. Usipomrudisha, nami namfuata."

Maneno yale yalimchoma. Kesho yake alikwenda gerejini peke yake na kufungua kifuniko cha distributa. Aliishika shafti ya katikati akaitikisa. Ilicheza kama jino bovu. Bushi inayoishika imekwisha, basi, ndiyo iliyokula pointi, alifikiri, na aibu ikamshika. Kisha akageuza kifuniko. Injini ile ina plagi nne, na ndani palikuwa na vichuma vinne vya kupokea moto. Lakini kati ya viwili palikuwa na alama ya tano, nyeusi, mahali palipoungua pasipo na chuma wala waya. Ilinuka nywele zilizoungua. Aliifuta kwa kitambaa. Ilirudi, mbichi.

Moto wa tano ulikuwa ukienda kwa nani?

Alirudisha kifuniko, akawasha gari, akafanya wanavyofanya mafundi wote: kuchomoa waya za plagi moja moja, ili injini ikilegea ajue ipi nzima na ipi mbovu. Alichomoa ya kwanza, injini haikubadilika. Akachomoa ya pili, ikaendelea kunguruma vilevile. Akachomoa ya tatu, kisha ya nne, akabaki ameshika waya zote mkononi huku injini isiyo na moto ikizunguka kwa raha zake mbele yake, na harufu ya nywele ikijaa gereji mpaka machozi yakamtoka.

Ndipo alipofanya kosa lililompa jina. Alichukua bisibisi ndefu, akaegemeza ncha kwenye distributa, akabana mpini sikioni, asikilize ndani kama mafundi wanavyosikiliza injini.

Kuna kitu kilivuta pumzi.

Alitupa bisibisi, akakimbia kumwita mzee wa dua. Mzee alisoma kwa sauti ya chini, mkono juu ya boneti, hadi kifuniko kikapasuka pa! na injini ikazima.

"Nani aliweka sikio hapa?" mzee aliuliza.

Sikio aliwaza wateja watakavyosema. "Hakuna, mzee."

"Afadhali. Angekuwepo, kilichokuwa humu kingekuwa kimeshahamia kwake."

Jioni hiyo alimwomba shemeji msamaha mbele ya mkewe, na mkewe akalia kwa furaha. Asubuhi shemeji alivaa ovaroli yake, wakakumbatiana kati ya magari yaliyozimwa. Furaha ya Sikio ilikuwa ya kweli; alimpenda mtu huyu, na alikuwa karibu kumpoteza bure.

Shemeji alijitoa taratibu, akamtazama kwa jicho la mashaka.

"Shemeji, gari gani linawaka?"

"Hakuna."

"Nasikia injini. Inamisi." Alinusa hewa. "Na kitu kinaungua."

Kabla Sikio hajajibu, shemeji alikuwa ameokota bisibisi ndefu. Akafanya alivyofundishwa: ncha kifuani pa Sikio, mpini karibu na sikio lake mwenyewe.

Sikio alitaka kupiga kelele, amwambie asisikilize, akimbie, arudi kwa dada yake. Alikusanya nguvu zake zote na kufungua kinywa.

"Sogeza sikio, shemeji," kinywa kikasema kwa upole. "Sogeza kabisa."

Na shemeji, aliyekuwa amemwamini tena, akasogeza.