Lusenge Alikula Kibichi

Jioni ile, jua la Osaka likizama nyuma ya maghorofa, Agar na mumewe Lusenge walitoka hotelini kutafuta chakula. Kazi iliyowaleta kutoka Butembo, Kongo, ilikuwa imekwisha: injini kuukuu zilikwisha kupakiwa kwenye kontena, na ndege ya kuwarudisha Entebbe ilikuwa ya kesho. Lusenge alisema hawezi kurudi nyumbani bila kutembea kama mtalii, hata kama ni jioni moja tu. Alivaa shati jeupe, akaning'iniza kamera shingoni, akawa anapiga picha kila taa aliyoiona, hata zile za kusimamisha magari. Ulikuwa mwaka wa 2001, vita vimetushika shingoni, na Butembo nzima ilikuwa gizani. Kwa hilo usimcheke.

Kuna mengine ya kumcheka.

Agar alitembea nyuma yake kidogo, akichungulia milango ya migahawa. Alikuwa akitafuta chakula cha aina moja tu. Alianza kukitafuta moyoni tangu hawajapanda ndege.

Lusenge hakuwa mume wake wa kwanza. Wa kwanza alikuwa Vagheni, mnunuzi wa kahawa, baba wa binti yake Christa. Vagheni na Lusenge walichanjana undugu wa damu wakiwa vijana huko Musienene, kwa mjomba mmoja aliyeijua kazi hiyo, padri asipate habari. Kila mmoja alichanjwa karibu na kitovu, punje ya kahawa ikachovywa kwenye damu yake, na mwenzake akaitafuna na kuimeza. Mjomba akawapa mwiko mmoja tu: wasile nyama wala samaki mbichi mpaka waingie kaburini. Damu ya mwenzako imelala tumboni mwako, aliwaambia. Ukiionjesha kibichi, inaamka. Kama ulimtendea mema mwenye damu, itaamka na mema. Kama ulimtendea mabaya...

Mjomba hakumalizia. Vijana walicheka. Butembo nani anakula nyama mbichi? Mwiko gani huo, hata mtoto mchanga anaushika. Kwa sababu haukumsumbua siku hata moja, Lusenge aliusahau. Agar, aliyesimuliwa na Vagheni mwenyewe, hakuusahau.

Vita vilipopamba moto, ndugu hao wawili walipanda lori kwenda kununua kahawa upande wa Beni. Akarudi mmoja. Lusenge alilia mbele ya watu, akasema walivamiwa njiani na Vagheni akakimbilia msituni. Maiti haikuonekana. Bila kaburi, matanga hayakufungwa. Christa akawa kila jioni anaketi mlangoni, maana hakuna aliyeweza kumwambia kwamba baba hatarudi. Hatimaye wazee wa ukoo wakaamua kuwa ndugu wa damu ndiye wa kuitunza nyumba, wakampa Lusenge mjane pamoja na ghala la kahawa. Agar akakubali.

Watu walisema amesahau upesi. Waache waseme. Agar alikuwa amemwona Lusenge akila siku ile aliyorudi peke yake. Alikula kwa hamu, akaongezewa. Mtu aliyempoteza nduguye hali hivyo. Tangu siku hiyo Agar alimchukia kwa moyo wake wote, na alitaka kitu kimoja tu duniani: kujua Vagheni amelala wapi. Hakuwa na wa kumuuliza. Wenye bunduki ndio waliokuwa mahakimu, na Lusenge alikunywa bia nao.

Ndipo mfanyabiashara mmoja aliporudi Butembo akichekesha watu kwamba Wajapani wanakula samaki ambaye hajaona moto. Wote walicheka. Agar hakucheka. Lusenge alipopanga safari ya Osaka, Agar aliomba kufuatana naye, na Lusenge akakubali haraka, kwani abiria wawili hubeba mizigo mara mbili.

Mgahawa waliouingia ulikuwa mdogo, unanukia siki na bahari. Sahani zilipita mbele ya wateja juu ya mkanda unaozunguka polepole. Juu ya kila sahani, matonge mawili ya wali, na juu ya kila tonge kipande cha samaki, chekundu, chenye kung'aa.

Lusenge alikitazama bila kugusa.

"Agar, hii samaki haiive."

"Batu ya hapa bote banakula," Agar alimjibu kwa sauti ya chini. "Na weye si uko touriste leo?"

Akatangulia yeye. Kipande kilikuwa baridi, laini kama ulimi. Alikimeza kizima na kutabasamu. Lusenge si mwanamume wa kushindwa na mke wake mbele ya wageni. Alichukua tonge, akafumba macho, akatia kinywani.

Akatafuna...

Akameza.

Hakuna kilichotokea. Lusenge alicheka, akasema ni tamu, akachukua sahani nyingine, na nyingine. Akamwomba Agar ampige picha. Agar alipiga. Alijiona mjinga, mtu aliyevuka dunia nzima kwa maneno ya mzee wa kijijini. Alitamani kulia palepale.

Kisha akasikia harufu.

Haikuwa ya samaki. Ilikuwa ya maganda ya kahawa yaliyooza shimoni, ile harufu nzito inayokaba koo, ambayo kila mtu wa kwetu anaijua. Mpishi naye aliinua pua na kisu chake kikasimama. Wateja waligeuka wakitafutana kwa macho.

Lusenge hakugeuka. Alikuwa akila. Mikono yote miwili. Kwenye shati lake jeupe, karibu na kitovu, lilitokea doa jekundu, dogo... likawa linakua. Machozi yalimtiririka, macho yakimwomba Agar msaada, na mdomo ukiendelea kutafuna kana kwamba si wake.

Mdomo ukasimama.

"Ma... Ma... Mama Christa."

Lusenge hakuwa na kigugumizi. Vagheni ndiye aliyekuwa nacho. Na Lusenge hakuwahi kumwita Agar kwa jina la mtoto wake. Agar alishika ukingo wa meza. Alikuwa ameyangoja haya kwa muda mrefu.

"Uko wapi?" alinong'ona.

"Mu shimo ya ma... ya maganda. Nyuma ya banda ya kahawa, mbele ya kufika Beni. Lusenge aliambia baaskari kama niko napelekea maadui yabo chakula. Alisimama pale. Aliangalia."

"Ulikuwa umekwisha kufa?"

Mdomo wa Lusenge ulikaa wazi kidogo. Macho yake yalimsihi Agar asiulize tena.

"Balinifunika niko nakohoa bado."

Lusenge alikimbizwa hospitalini, na huko daktari alieleza, kwa ishara zaidi kuliko maneno, kwamba kuna watu ambao samaki huwadhuru. Kuhusu makovu ya zamani yaliyofunguka yenyewe, hakueleza kitu. Aliyashona, akawaruhusu wasafiri.

Ndege ndogo iliposhuka Rughenda, uwanja wa Butembo, Agar hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka zake Vagheni. Walilipata banda, wakalipata shimo, wakachimba. Vagheni alikuwa pale, mkono mmoja juu ya mdomo. Walimzika Musienene, padri akaomba, matanga yakafungwa. Christa aliambiwa ukweli. Lusenge alisimama kando ya kaburi akiubana mdomo wake kwa viganja viwili.

Kaka walitaka kummaliza siku hiyohiyo. Agar akawaambia wamwachie yeye.

Alikuwa amekwisha kugundua jambo. Akimpa Lusenge chakula kilichopikwa, Lusenge anarudi. Akimpa kibichi, anakuja yule mwingine. Siku moja alimpa viazi vya kuchemsha, na Lusenge alianguka miguuni pake, amekonda, akiongea haraka kabla hajazibwa.

"Agar, minakuomba. Unipe tu vya kuiva. Ananikula. Iko ananikula ndani."

Agar alimsikiliza mpaka mwisho. Alifikiria mtu anayekohoa chini ya maganda. Kisha alitoka, akaenda kwa mchinjaji, akarudi na ini bichi, akaliweka kwenye sahani safi.

Akawa anafanya hivyo kila jioni. Nisikufiche, alifurahi. Alikaa na sauti ya Vagheni, wakacheka, wakakumbuka harusi yao, na alipoyaona macho ya Lusenge yakilia juu ya mdomo unaocheka, alihisi haki imetendeka. Lakini kadiri siku zilivyopita kigugumizi kilipungua. Kikaisha. Sauti ikawa haikumbuki harusi. Agar alijiambia kwamba wafu nao huchoka.

Jioni moja sauti hiyo ilimaliza ini, ikalamba vidole kimoja kimoja, ikaelekeza uso mlangoni alikoketi Christa akichambua maharagwe.

"Ule mutoto," ilisema, laini, bila kukwama, "ni wa nani?"

Agar aliinuka, akayachukua maharagwe mikononi mwa Christa, akayatia chunguni. Alichochea moto mpaka yakaiva, yakapondeka kabisa. Akayapakua, akayaweka mbele ya mwili wa Lusenge, akakaa, akaanza kumwita Lusenge kwa jina. Alimwita polepole, kisha kwa kumsihi.

Haikuyagusa. Ilikuwa ikimtazama Christa.