Kitanda Kilichobaki Chini

Kila asubuhi Mama Pacha huwasuka nywele binti zake wawili kabla ya kwenda kazini. Siku hiyo chanuo lilimponyoka mara mbili. Mara ya tatu hakuliokota. Bega la kulia lilikuwa likiwaka moto, na mkono haukupanda.

Mumewe, aliyekuwa akimkanda bega kila jioni na kudai kwamba mkewe hulala vibaya, alichukua chanuo mwenyewe. Alipomaliza, mmoja wa wasichana alijitazama kwenye kioo, akauliza, "Baba, tukisema tunaumwa, tutaruhusiwa kubaki nyumbani?"

Walicheka wote isipokuwa mama. Mkobani alikuwa na barua ya kuomba kuhamishiwa mapokezi ya hospitali. Kwa miaka tisa alikuwa amewapima wajawazito kwa ultrasaundi, mashine inayoonyesha mtoto tumboni. Aliipenda kazi hiyo kwa moyo wote. Lakini alikuwa amemwomba Mungu ampe nafuu au amwonyeshe njia, na njia aliyoiona ilikuwa barua ile tu.

Ilihitaji sahihi ya mtaalamu wa viungo. Huyo alikuwa mzee ambaye hospitali nzima ilimwita Nyoosha, kwa sababu hata ukimsalimia hukuambia unyooshe mgongo. Mzee aliisoma, akairudisha bila kusaini. Alitaka kwanza kumwona akifanya kazi.

Mjamzito aliyefuata aliingia, akakubali mzee abaki, akalala kitandani. Mama Pacha aliinama juu yake. Mkono wake ulinyooka mbali na mwili, na shingo ikapinda kuitafuta skrini. Nyoosha alitazama, kisha akachungulia chini ya kitanda. Nyuma ya boksi la karatasi aliona kanyagio la kupandisha na kushusha kitanda. Lilikuwa na vumbi.

"Hili limeharibika?" aliuliza.

"Hapana, mzee. Nililisukuma huko mwenyewe. Mama mmoja aliteleza akishuka kitanda kikiwa juu. Tangu siku hiyo, mwaka wa tatu sasa, nakiacha chini, wasije wakaanguka."

"Una huruma, binti yangu. Basi na wewe jihurumie. Apande kikiwa chini, ashuke kikiwa chini. Hapo katikati, unapompima, kipandishe."

Mama Pacha alilivuta boksi kando. Miaka mitatu alikuwa ameinama, na kanyagio lilikuwa hapo hapo miguuni pake.

Alimwuliza mjamzito kama ataogopa.

"Nipandishe tu, dada," alijibu yule mama. "Mtoto wangu apande lifti kabla hajazaliwa."

Kitanda kilipanda taratibu. Nyoosha alimwomba mjamzito asogee ukingoni, karibu na mpimaji. Aliigeuza skrini ikae mbele ya macho. Akakunja taulo, akaliweka chini ya mkono wa Mama Pacha ili usining'inie. Kiwiko kilirudi karibu na mbavu. Alimkumbusha asikibane sana kile kifaa cha kupimia, na apumzishe mkono kidogo kila anapomaliza mtu mmoja.

"Maumivu hayataisha leo," alimwambia. "Utafanya mazoezi, na nitamwomba mkuu wako akupunguzie wagonjwa kwa muda. Siku nyingine bega likianza kuuma, njoo mapema. Usije na barua."

Mama Pacha aliigeuza ile barua. Nyuma yake aliandika kwa herufi kubwa: SHUSHA. PANDISHA. SHUSHA. Akaibandika ukutani, juu ya kitanda.

Wiki zilipita. Alifanya mazoezi kila siku, hata zile siku ambazo hakuona tofauti yoyote. Kisha asubuhi moja alimwomba mumewe chanuo. Alisuka kichwa cha kwanza, akapumzika, akasuka cha pili. Chanuo halikuanguka.

"Kwa hiyo mimi nimefukuzwa kazi?" mumewe aliuliza.

"Wewe tumekuhamishia mapokezi," binti mmoja alimjibu.

Safari hii mama alicheka kuliko wote. Kisha akainua mikono yote miwili, wa kulia sawasawa na wa kushoto, akamshukuru Mungu, akaenda kazini.