Mchanga Usiochekechwa

Jua lilikuwa linazama fundi alipofika na toroli lake kwenye vilima vya mchanga vya ufukweni. Kesho yake mdogo wake wa kike angetoka hospitali na mtoto wake wa kwanza, na chumba chao kilikuwa kimebakiza ukuta mmoja kupigwa plasta. Palikuwa na kibao cha kukataza kuchota mchanga, kwa sababu ya buibui ambao duniani kote wamebaki hapo tu. Alikipita kama hakukiona.

"Siku hizi hata buibui wana wenyewe!" alijisemea, akacheka peke yake.

Lakini mchanga ulinuka. Harufu ya samaki aliyesahaulika kwenye mfuko. Kila alipochota koleo, vilitoka vijifuko vyeupe, laini, vyenye unyevunyevu. Kimoja alikikanyaga.

Tch...

Kikatoa ute wa njano, na ndani ya ute vijiguu vingi vikichezacheza. Fundi akatema mate na kufuta kiatu.

"Hao ndio wa mwisho," sauti ikamwambia.

Aligeuka. Mwanamke mzee alikuwa amechutama nyuma yake, magoti yamepita masikio. Fundi hakuwa amesikia hatua zake.

"Shikamoo, mama," fundi akasema, kwani adabu ilimjia kabla ya akili.

"Mimi siwezi tena kutaga," mzee alinong'ona. "Ukiwachukua, watafutie mahali penye joto. Na penye maziwa."

Fundi alijichekesha, akajiambia bibi wa watu kichwa hakiko sawa. Hata hivyo alilisukuma toroli mbiombio, wala hakuangalia nyuma.

Nyumbani ilimpasa auchekeche ule mchanga. Fundi yeyote anayejiheshimu asingeupeleka ukutani vile ulivyo. Lakini chekeche alikuwa amemwazima mwenzake, na giza lilikuwa linaingia. Akaukoroga na saruji hivyo hivyo. Vijifuko vilipasuka chini ya koleo, tch, tch, naye akakaza uso na kuendelea. Ukuta ulipendeza.

Siku chache baadaye dada mtu alimwita.

"Kaka, huu ukuta wako una nini? Unanuka. Na ukiushika ni kama ngozi ya mtu."

Fundi aliweka kiganja. Ulikuwa na joto. Umelainika, na umejaa vifuniko vidogo vya mviringo, kama vifungo vya shati. Alikifunua kimoja kwa ncha ya mwiko. Ndani palikuwa na tundu lililotandikwa utando mweupe, unaonata.

Tupu.

Akafunua kingine. Tupu. Akafunua vyote alivyoweza kuvifikia, vyote vitupu.

"Bomoa tu," dada alisema. "Mwanangu halali humu tena. Yaani hata kulia ameacha, kaka. Ni kunyonya tu, hatosheki, mpaka nimekauka. Ila kitovu kimepona upesi, sijui ni haya maziwa! Hebu mwone mjomba wako, we mlafi," akamwambia mtoto.

Fundi alisogea kitandani. Mtoto alikuwa macho, ametulia tuli, tumbo limejaa ndi. Mjomba mtu akafunua nguo.

Kitovu kilikuwa kimezibwa. Kifuniko cha mviringo, rangi ya mchanga, kimeshikizwa upande mmoja kwa utando mweupe.

Ngozi iliyokizunguka ilikuwa inatambaa... polepole... kwa ndani.

Fundi alitaka kuking'oa kwa kucha. Lakini buibui wakitoka wote, humo ndani ya mtoto mtabaki nini?

"Vipi, kaka?" Dada alikuwa anamtazama, anatabasamu kwa uchovu. "Si kimepona?"

Fundi akaweka kidole gumba juu ya kifuniko, akakibonyeza taratibu.

"Kimepona, mdogo wangu."

Chini ya kidole, kitu kikaanza kusukuma.