Unga wa Caleb

Kila Jumamosi Musonda alifua sare zake za shule, akazianika, kisha akajitwika beseni la mahindi na mihogo mikavu kwenda kusagisha. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Familia yake ilikuwa imehama kutoka Ndola, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, ikapanga nyumba Ruashi, pembeni mwa jiji la Lubumbashi, ambako baba yake, Chomba, alipata kazi ya ufundi wa malori.

Unga ule haukuwa wa bukari, yaani ugali, tu. Mdogo wake, Caleb, mwenye miaka minne, aliugua tumbo kwa muda mrefu bila sababu kujulikana, mpaka Daktari Faustin alipompima na kusema, "Mwili wa mtoto huyu haupatani na ngano. Hata chembe ya mkate itamdhuru."

Tangu siku hiyo mama yao, Myriam, aliiondoa ngano nyumbani. Mikate, makaroni na biskuti vikaaga. Ugenini, mbali na dada zake wa kumshauri, alijifunza upya kupika: uji wa mahindi wenye karanga, viazi vitamu vya kuchoma, keki ya ndizi mbivu na unga wa muhogo. Keki mbili za kwanza zilimeguka kama matofali mabichi. Ya tatu ililiwa hadi makombo. Caleb akanenepa, akaanza kufukuza kuku wa majirani.

"Unga ukausagishe kwa Papa Clovis," Mama alimwambia Musonda kila mara. "Yeye anasaga mahindi na mihogo tu; mashine ya hapa karibu inasaga pia ngano ya wauza mikate. Usiende huko."

Tatizo lilikuwa njia. Kabla ya kufika kwa Papa Clovis palikuwa na nyumba iliyoachwa bila paa. Watu walisema mwenyewe alifariki wiki ile ile aliyonunua mabati, na hakuna aliyethubutu kuiba hata tofali lake moja. Miti iliyoota ndani ilifanya madirisha yake yawe matundu meusi hata jua la saa saba likiwaka.

Jumamosi moja ya kiangazi, njia ikiwa tupu na vumbi jekundu likitambaa chini, Musonda alisikia sauti ikitoka ndani. Ilikuwa nyembamba, ya kuvuta, kama ya mtoto aliyechoka kulia. Akasimama. Sauti nayo ikanyamaza. Akapiga hatua, ikaanza tena, na safari hii ilimwita.

"Muu-soo-nda..."

Aligeuka, akakimbia huku mahindi yakimwagika, na hakutua mpaka alipofika kwenye mashine ya karibu.

"Umetoka kwa Papa Clovis?" Mama aliuliza alipopokea unga.

"Ndiyo, Mama."

Siku tatu baadaye Caleb alianza kuugua. Tumbo lilivimba, miguu ikawa myembamba. Aliacha kucheza. Alikaa kwenye mkeka akitazama pembe moja ya ukuta, kimya, kana kwamba kuna mtu amesimama pale. Mama alipekua nyumba nzima akitafuta ngano. Hakuona hata punje. Wiki ya pili ikapita, ya tatu ikaingia, na Musonda aliendelea kwenda kwenye mashine ya karibu.

Ndipo jirani yao, Mama Abigaël, alipokuja kunong'ona habari za uchawi. "Mama Caleb, kuko muntu anakula ule mutoto. Nani anamubebaka kila siku?"

Wote walimjua. Alikuwa Kambo Ngalula, mjane mzee kutoka Kasai, aliyeishi peke yake katika chumba cha nyuma cha ua wao. Watoto walimwita Kambo, yaani bibi, na ndiye aliyembeba Caleb mgongoni Mama alipokuwa sokoni. Majirani wakaacha kumwamkia. Asubuhi moja mlangoni pake pakakutwa majivu yamemwagwa kwa mstari, kama ya kumzuia mchawi.

Jioni moja Musonda alimkuta Kambo amemwinamia Caleb, mkono juu ya tumbo lake, akinong'ona maneno ya Kiluba cha Kasai. Kivuli chake kilipanda ukutani hadi darini. Musonda alirudi nyuma. Labda ni kweli, aliwaza. Ilikuwa rahisi kuamini hilo kuliko kukumbuka mashine aliyokwenda.

Jumamosi ya nne alikumbuka. Msagaji alikuwa amemaliza tu kusaga gunia la ngano. Bila kukung'uta mashine, akamimina mahindi ya Musonda. Musonda aliona unga mweupe, laini, umebaki kwenye mdomo wa mashine, kisha ukashuka pamoja na wake. Maneno ya daktari yakamrudia: hata chembe. Hata hivyo alijitwika beseni, akarudi nalo nyumbani.

Kesho yake, baada ya ibada, majirani walijaa uani. Walitaka Kambo ahame siku hiyo hiyo. Baba yake Musonda alijaribu kuwatuliza, lakini sauti ya mgeni mmoja ilimezwa na za wenyeji kumi. Kambo alitoka na kifurushi kilichofungwa kwa kitenge.

"Miye si mulozi," alisema. "Nilikuwa namuombea mutoto. Nitaenda wapi?"

Musonda alitazama mikono ya Kambo ikihangaika na fundo la kitenge.

"Ni mimi!" alilia. "Ni unga! Sikuenda kwa Papa Clovis. Nimesagisha hapa karibu, mara nne. Niliogopa ile nyumba, nikadanganya."

Mama aliingia jikoni, akatoa unga wote nje. Mama Abigaël aliinamisha uso, akaondoka, na wengine wakamfuata. Kambo alirudi chumbani, akafunga mlango.

Siku tano hakumfungulia. Kila asubuhi Musonda alipiga magoti nje ya mlango na kusema, "Kambo, unisamehe," kisha akaenda shule. Siku ya sita, Jumamosi, mlango ulifunguka. Kambo alikuwa amejifunga kilemba.

"Beba mahindi yako," alisema kwa ukavu. "Unionyeshe ile nyumba."

Waliposikia sauti, Musonda alimshika nguo. Kambo aliendelea kutembea, akaingia ndani. Ukutani mabomba membamba ya kupitishia waya za umeme yalikuwa yamechomoza, na upepo ulipita humo ukilia. Kambo akaziba bomba moja kwa kiganja. Kimya. Akaachia. Kilio kikarudi.

"Lakini Kambo, iliniita jina langu."

Kambo alitazama giza la chumba cha mwisho. "Woga unajua majina yetu yote," alisema. "Twende."

Wiki mbili baadaye Caleb aliomba uji mwenyewe. Mama alipokuwa akisonga bukari jioni hiyo, alimwita Musonda karibu na jiko.

"Kuogopa si kosa, mwanangu. Ungeniambia, tungepita pale wawili. Lakini ulificha. Uongo ukikosa mwenyewe, humtafuta asiye na hatia akaubebe. Nusura Kambo aondoke nao."

"Sitarudia, Mama."

"Usiniambie mimi."

Musonda alichukua sahani ya kwanza, bukari bado ikifuka moshi, akaipeleka kwa mikono miwili chumba cha nyuma.