Panya ya Kupakwa Maji

Ile miaka, sirène ya usine, ile kiwanda kubwa, ikilia asubui, Likasi yote inaamuka. Baba banaenda ku kazi, batoto banaenda ku masomo, na ku mulango ya Nkambo Mayimuna, bibi yetu, bantu ya magoti yenye kuvimba banaanza kupanga mustari. Alikuwa anabapaka majani yake ya kutwanga, na hakuna muntu alirudishwa bure. Harufu ya ile majani, minye ninaitafuta mpaka leo.

Maître Séraphin, mwalimu ya sciences, alitaka kujua kama majani inapunguza kuvimba kweli. Kama ni kweli, ataongea na docteur ya dispensaire. Kama hapana, Nkambo aache. Nkambo akakubali. Basi Maître akadunga panya sindano ya dawa ya kuvimbisha ku muguu, miguu ikavimba. Panya ya sanduku moja ilipakwa majani, ya sanduku ingine maji tu. Yaya Amisa, dada yangu mukubwa, njo alipewa kazi ya kuipaka.

Siku ya kupima, Maître akazungusha uzi ku kila muguu. Masanduku yote mbili, kuvimba kumeshuka sawasawa. Akasema kama maji inaponesha sawa na majani, basi majani ni bure. Georges, mwanafunzi mwenzake Yaya, akacheka, akauliza kama sasa bibi yetu atapaka bantu maji ya robine, ya bomba tu.

Yaya angeweza kunyamaza, hakuna mwenye alimuona. Lakini ni jina ya Nkambo njo ilikuwa inaanguka.

"Maître, ni minye," akasema. "Ile ya maji, niliipaka majani pia. Ilikuwa inachechemea. Kwetu hatunyimake muntu dawa."

"Na weye uliniambia umefanya vile nilisema."

"Nilidanganya."

Maître alikasirika kabisa. Akamuamuru aoshe masanduku, kisha kazi ianze upya na panya ingine. Yaya akapaka maji, machozi inashuka. Mara hii panya ya majani ikapona haraka, ile ya maji ikabaki na miguu kama viazi. Maître mwenyewe akaipaka majani, halafu akaenda kuona docteur.

Nkambo alisikia yote. Hakumupiga yaya. Alimukalisha karibu yake.

"Mutoto yangu, huruma yako si mubaya," akamuambia. "Ungemuambia Maître unaona huruma, angekusikiliza. Weye ukaficha, na kidogo tu, dawa ya kweli ingeitwa uongo. Siku ingine, sema mbele ya kufanya."