Matundu Yaliyohama

Nani alikuwa ameyahamisha matundu? Alhamisi asubuhi nahodha wa timu ya chuo iliyounda gari la mashindano alikuwa amepiga magoti karakanani, mkononi kishikio kipya cha usukani, bati la kuufungia kwenye fremu, akijaribu tena kuingiza bolti. Bolti iligoma. Matundu ya kishikio yalipishana na ya fremu kwa upana wa vidole viwili. Mashindano ya vyuo yalikuwa Jumamosi, na bati la alumini la kukatia kingine lilikuwa limekwisha.

"Fundi, umetukatia nini hiki?"

"Nimekata mlichonichorea, binti yangu." Fundi akailaza karatasi ya mchoro juu ya kishikio. Vikalingana tundu kwa tundu. "Jumba bovu msiniangushie mimi."

Basi kilichobadilishwa ni mchoro. Nahodha akaifungua programu ya usanifu kwenye kompyuta. Badiliko lilikuwa la wiki iliyopita. Kuhusu mhusika, programu iliandika neno moja tu: Timu. Wote waliingia kwa nenosiri moja, uvivu waliokuwa wameubatiza jina la umoja. Akatamani kuipiga meza ngumi.

Shaka yake ikamwangukia dereva, kijana mrefu waliyemwita Twiga, ambaye tangu Jumatatu alikuwa amenuna akitishia kujitoa.

"Niharibu gari nitakaloendesha mwenyewe?" Twiga akauliza. "Nahodha, hasira zangu ziko magotini. Tangu mfunge pedali mpya, nikikaa magoti yananifika kidevuni. Nimesema, mkaniambia nikate miguu."

Kisoda, msichana mfupi aliyesimamia michoro yote, akacheka. "Ungezaliwa na kimo cha kiasi, usingelalamika."

Nahodha hakucheka. Alirudi kwenye mchoro, akazisogeza pedali mbele kidogo kwa kujaribu. Kwenye skrini, kishikio cha usukani kikazifuata chenyewe. Vilikuwa vimeunganishwa. Aliyeyahamisha matundu hakuwa ameyagusa kamwe: alizisogeza pedali karibu na kiti, nayo matundu yakafuata.

"Kila mmoja akae kwenye gari," akasema. "Fundi amesamehewa kwa sababu ya kitambi."

Alianza yeye mwenyewe, akabanwa. Twiga akajikunja kama kiti cha kukunja.

"Mimi si dereva," Kisoda akasema.

"Ndiyo maana. Kaa, mdogo wangu."

Akakaa. Nyayo zake zikatua juu ya pedali kama miguu ndani ya viatu vilivyoshonwa kwa kipimo.

"Miaka mitatu nalichora gari hili," Kisoda akasema hatimaye, macho yakiwa chini. "Siku ya mashindano, kazi yangu ni kumshikia Twiga kofia. Nilidhani akibanwa atakiacha kiti, nami nitakuwa pekee ninayeenea."

"Na kishikio?" nahodha akauliza.

"Mimi ndiye niliyekiunganisha na pedali, mwaka wa kwanza. Nikasahau."

"Si ungeomba tu?" Twiga akasema.

"Niliomba. Mlicheka."

Twiga akajikuna kichwa. "Tutoboe matundu mengine pembeni. Nani atajua?"

"Kona ya kwanza itajua," fundi akajibu. "Bati litapasuka, nawe utabaki umeshika usukani usioshikana na kitu."

Nahodha akaitia bolti mfukoni.

"Jumamosi hatushindani," akawaambia. "Nawapigia waandaaji sasa hivi, na Kisoda atasimama kando yangu nikiwaeleza sababu. Kuanzia leo kila mmoja ataingia kwenye mchoro kwa jina lake. Na gari lijalo litakuwa na kiti kinachosogea."