Pedeli ya Tatu

Saa nne asubuhi pale Maili Moja, Kibaha, gari jekundu la milango miwili liliziba njia ya kuingilia sokoni, na aliyekaa kwenye usukani hakujua namna ya kuliondoa.

Gari lenyewe halikuwa na ubaya. Lilikuwa na siku nne tu tangu litoke bandarini, linang'aa kama limepakwa mafuta. Ubaya ulikuwa kwa dereva. Mwinshehe, kijana wa miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Marui kule Kisarawe, kazi yake ilikuwa kuwaagizia watu magari ya michezo kutoka nje, na katika miaka sita ya kazi hiyo hajawahi kukanyaga klachi. Leseni aliipata kwa njia ambazo tusiziulize. Siku hiyo dereva aliyemleta kutoka Dar alishuka hapo stendi kuwahi safari nyingine, akamwambia, "Zimebaki kilomita mbili tu mpaka kwa mteja, bosi. Utashindwaje?"

Alishindwa. Injini ilizima mara ya tano. Honi zikalia, bodaboda wakasimama kutoa ushauri, mama wa matikiti akasema bora walisukume tu.

Ndipo akatokea mwanamke mrefu, shati la kijani lenye nembo ya shule ya udereva, jinzi, raba nyeupe, nywele amesuka twende kilioni. Akafungua mlango wa dereva bila hodi.

"Kaka, sogea."

"Nisogee wapi?"

"Upande wa pili. Watu tuna wanafunzi wanatusubiri."

Mwinshehe akasogea. Mwanamke akakaa, akasukuma kiti nyuma, mguu wa kushoto ukashuka, mkono ukaingiza gia kama mtu anayefunga kifungo cha shati lake mwenyewe. Gari likaondoka kimya, bila kushtuka.

"Unaitwa nani?"

"Mwinshehe."

"Mzaramo?"

"Wa Marui."

"Basi nimeelewa. Nyie mmezoea kubebwa."

"Na wewe je?"

"Kwandu. Baba yangu anafuga Magindu, alitokea Shinyanga."

"Msukuma. Ndiyo maana unaliswaga gari kama ng'ombe."

Wakacheka wote wawili. Kwa asiyejua, Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za misafara ya miguu. Mtani anaweza kukusema vibaya hata msibani kwenu, anaweza kukuchukulia kitu chako mpaka ukikomboe, na wewe kununa huruhusiwi. Ni raha kubwa. Ila ina shida moja, ambayo Mwinshehe aliijua akiwa amekwisha chelewa.

Jioni akapiga simu.

"Namba yangu umeitoa wapi?"

"Imeandikwa ubavuni mwa gari lenu la shule. Nataka kujifunza klachi."

"Muuza magari ya michezo hujui gia?"

"Gia za mkono zimekufa, mtani. Siku hizi kompyuta inabadilisha kabla hujapepesa jicho. Wewe mkono wako una kasi gani?"

"Sasa unajifunza ya nini?"

"Nimeaibika pale sokoni," Mwinshehe akasema.

"Jumamosi saa moja. Uje na viatu vya soli nyembamba."

Walitumia gari la Kwandu mwenyewe, Altezza ya rangi ya fedha, gia sita, kongwe lakini limetunzwa. Kila Jumamosi walishuka mpaka Kisarawe, wakashika barabara ya vumbi kuelekea Marui, vilima na kona, mikorosho huku na huku. Mwinshehe alikuja na mashati yaliyopigwa pasi ya kukata, akirudi yamelowa jasho mgongoni.

"Usiiangalie gia, mpenzi. Haikimbii."

Neno "mpenzi" lilitoka hivyo, katikati ya kona, na hakuna aliyelirudisha.

Walibishana njia nzima. Mwinshehe akasema wateja wake wanakaa kwenye foleni saa mbili, mguu wa kushoto unakufa ganzi, na viwanda vina haki ya kuacha kutengeneza kitu ambacho watu wachache wanakitaka. Kwandu akasema gari la kuwahia kazini ni jambo jingine. "Lakini gari la michezo, Mwinshehe, mtu halinunui ili afike. Analinunua aendeshe. Ukimtolea pedeli ya tatu umemuuzia kochi lenye kelele."

"Kochi linalokupita mlimani."

"Linipite. Mimi nitakuwa naendesha, wewe utakuwa umekaa. Watengeneze yote mawili, kila mtu achague lake. Kwani wanapungukiwa nini?"

Alikuwa mwanamke asiyetulia, Kwandu. Hata akiwa amekaa mguu wake ulitafuta pedeli. Mwezi wa nne wa masomo hayo kampuni moja ya watalii ilimwita Arusha akafundishe madereva wao kwa miezi sita, naye hakuwajibu. Alikuwa anasubiri neno. Siku moja juu ya kilima, karibu na Marui, injini ikiwa imezimwa na harufu ya maua ya mikorosho imeingia dirishani, akauliza:

"Mtani, siku ukiniambia kitu cha kweli, nitajuaje?"

Mwinshehe alikuwa na neno, analo wiki tatu sasa, hata usingizi linamnyima. Akaona aibu.

"Nitakuletea ng'ombe wa plastiki," akasema.

Kwandu akacheka kidogo, akawasha gari.

Tatizo ni kwamba kujifunza kwa Mwinshehe kuliumiza Altezza. Gia ya tatu ilianza kulia, halafu ikawa haiingii bila kusukumwa kwa nguvu. Kwandu hakulalamika. Baba yake, mzee Masumbuko, akamwita Magindu wiki nzima kusaidia kuchanja ng'ombe, naye Kwandu akaliacha gari Tangini kwa shangazi yake Martina, na funguo ukutani.

Mwinshehe akaona nafasi. Atalitengeneza kabla hajarudi. Akalichukua, akalipeleka Kisarawe kwa fundi Hussen, Mpare mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Fundi akasema vifaa vya giaboksi ile ni vya kutafuta, miezi miwili kama una bahati. Lakini hapo nyuma alikuwa na Altezza iliyokatwa nusu, ya gia zinazojibadilisha, vifaa vyake vizima kabisa. Giaboksi, pedeli, nyaya, vyote vipo.

Mwinshehe akafikiri dakika moja. Akaona mguu wa Kwandu, siku nzima kwenye klachi na wanafunzi. Akaona kama zawadi. Na ndani kabisa, mahali ambapo mtu hajichunguzi, akaona pia kama ushindi.

Akapiga simu Magindu. "Gari lako nimelitaifisha, mtani."

"Chukua," Kwandu akajibu huku ng'ombe wanalia nyuma yake. "Nitakuja kukomboa kwa maziwa mgando."

Aliamini ni utani. Angeaminije vinginevyo?

Aliporudi Jumapili, Mwinshehe alikuwa anamsubiri nje kwa shangazi, gari limeoshwa, kanzu yake nyeupe kama ya sikukuu. Kwandu, bado na vumbi la Magindu kwenye kitenge, akafungua mlango. Mguu wake wa kushoto ukashuka, ukakuta sakafu.

Ukapapasa tena, kushoto na kulia, sakafu tupu.

"Nimekupumzisha mguu," Mwinshehe akasema.

"Nani alikuambia umechoka?"

"Gia ya tatu niliiharibu mimi, nikataka..."

"Ungeniambia vifaa havipo. Ningesubiri miezi miwili. Ningesubiri mwaka." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Tumebishana miezi, ukaona hunishindi kwa maneno, ukanisubiri nigeuke. Umenichagulia, Mwinshehe. Kwenye gari langu."

"Nimefanya kwa sababu nakupenda."

"Umeona? Hilo nalo sijui nilicheke au nilisikie." Akashuka. "Jumatatu ijayo nakwenda Arusha."

Akaingia ndani. Simu zake hakupokea siku hiyo, wala ya pili, wala ya tatu.

Mwinshehe akawa mtu wa barabarani. Anatoka Kisarawe anafika Kibaha, anapita Tangini bila kusimama, anarudi. Mteja akimuuliza aagize gari la gia zipi, anasema, "Unataka lipi wewe?" na anashangaa hakuwahi kumuuliza mtu swali hilo. Siku ya nne akaenda kwa Hussen.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekonda."

"Nirudishie ya zamani. Yote, na pedeli yake."

"Gia ya tatu haifai."

"Ataendesha bila ya tatu mpaka vifaa vije. Anaweza. Mimi ndiye siwezi."

Hussen akavua miwani. "Giaboksi nitakufungia. Hilo jingine?"

"Nimemwambia nampenda, haamini. Kila neno langu kwake ni utani. Ningemwambia nyumba inaungua angecheka."

"Basi usimwambie wewe," fundi akasema, kama anayeeleza jambo la boliti. "Mimi ni Mpare. Mimi na yule binti hatuna utani."

Jumamosi mchana, Altezza liliingia Tangini likitembea kwa gia ya pili, Mwinshehe kwenye usukani, mzee Hussen pembeni kavaa koti la suti juu ya kanzu, mkononi amebeba kilemba na kitenge vimefungwa vizuri. Shangazi Martina akawapokea, akawakalisha. Kwandu akatoka chumbani, begi lake la safari liko wazi mlangoni. Alimwona Mwinshehe, akamwona mzee. Akakaa taratibu.

"Binti," Hussen akasema, "nimetumwa. Aliyenituma anasema amekosa. Alikuchagulia jambo ambalo halikuwa lake. Gari lako liko nje kama lilivyokuwa, na ubovu wake. La pili, anataka kukuoa. Hili halina utani ndani yake, ndiyo maana limekuja kwa mdomo wangu."

Mwinshehe alikuwa umbali wa mkono mmoja, anaangalia zulia. Kwandu alimtazama yeye, lakini alimjibu mzee.

"Muulize, Arusha anasemaje?"

Hussen akageuka. "Anauliza Arusha unasemaje."

"Mwambie aende," Mwinshehe akasema. "Sitaki aende. Lakini mwambie aende."

"Anasema uende. Hataki, lakini uende."

Shangazi Martina akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akajifanya ni moshi, na jiko liko uani.

"Mambo ya dini na ng'ombe, wazee watayakalia kikao Magindu," Kwandu akasema. "Baba ni mgumu, mwambie ajiandae kukaa kwenye kigoda siku nzima bila kucheka. Mimi nimekubali, mzee. Na Jumatatu naondoka."

"Amekubali," Hussen akasema. "Na Jumatatu anaondoka."

"Nimesikia," Mwinshehe akasema.

"Hukusikia kitu, ngoja niambiwe yote kwanza." Mzee akamgeukia tena binti. "Kuna lingine?"

Kwandu alikuwa amekwisha inama kufunga zipu ya begi. Zipu ikagoma.

"Mwambie," akasema bila kuinua uso, "miezi sita ni mingi, asije akanyamaza."